Maji ya jaa si samadi

“Yale maji meusi yanayochuruzika jaani ni samadi ya bure, yazimue tu umwagilie.” Malindi kauli hii utaisikia kwa wenye mchicha, kwa wenye minazi, hata kwa waliosoma. Haya, tuhesabu.

Maji ya jaa kongwe, meusi kama kahawa tungu, mara nyingi yana gramu 1 au zaidi ya nitrojeni ya amonia kwa lita, na kloridi gramu 1 hadi 3. Zimua mara kumi, bado amonia ni miligramu 100 kwa lita, na chumvi ya jaa imepanda juu ya chumvi ya kisima chako, maana visima vingi vya karibu na bahari vimeshakuwa majichumvi. Maharagwe hayavumilii hata kidogo. Mnazi hustahimili, ndiyo sababu mwenye minazi hudhani mambo shwari. Lakini metali za sumu, risasi na kadimiamu za betri zilizotupwa, hubaki udongoni kila unapomwagilia, na mchicha ni hodari wa kuvuta kadimiamu hadi majanini. Huo ndio unaompikia mwanao.

Mbolea imo, ila itolewe humo kwanza. Kwa joto la pwani, njia nzuri ni kuifukuza amonia kwa hewa. Anza kupuliza hewa saa kadhaa bila chokaa. Watu huiruka hatua hii, kisha wanalia chokaa ni ghali! Hewa hiyo hutoa kaboni dayoksaidi ambayo ingekula chokaa bure na kuganda kuwa mawe ndani ya mabomba. Ndipo utie chokaa hadi pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ifike 11, mashapo yazame, na maji ya juu yanyunyizwe kileleni mwa mnara uliojazwa vipande vya plastiki, feni ikisukuma hewa kutoka chini: kama mita za ujazo 3,000 za hewa kwa kila moja ya maji. Hewa inayotoka hukata pumzi. Ipitishe kwenye asidi ya salfuriki. Mita moja ya ujazo ya maji yenye kilo 1 ya nitrojeni hutaka kilo 3.5 za asidi safi, na ukiinasa yote utapata kilo 4.7 za SA (salfeti ya amonia), mbolea ileile ya dukani. pH ya asidi ikipita 4, amonia inaanza kukuponyoka. Mnara ukiziba, ni chokaa. Usafishe kwa asidi hafifu. Na maji yaliyobaki si safi bado: yana chumvi na uchafu mgumu kuoza. Shusha pH, kisha uyapitishe kwenye makaa amilifu ya vifuu, yaani makaa yaliyotengenezwa ili yanase uchafu.

Wengine watakutajia struvaiti, mbolea ya chembechembe inayoganda amonia ikikutana na magnesiamu na fosfati. Magnesiamu yake si shida, iko tele kwenye maji machungu yanayobaki chumvi ikishavunwa Gongoni. Shida ni fosforasi: kilo 2.2 kwa kila kilo ya nitrojeni, na maji ya jaa yana kidogo mno. Utanunua mbolea ili utengeneze mbolea.

Utaambiwa pia maji ya jaa hayafiki kisimani: “Mchanga unachuja.” Unachuja takataka na baadhi ya vijidudu, basi. Matuta ya mchanga ya Shela huwapa watu wa Lamu maji matamu kwa sababu mvua huzama upesi mchangani. Chochote kilichoyeyuka nacho huzama kwa njia hiyohiyo. Ukishuku kisima, usipime kloridi peke yake, bahari itakudanganya. Pima na potasiamu. Maji ya bahari yana sehemu 1 ya potasiamu kwa karibu 50 za kloridi. Ukipata 1 kwa 10, huenda kuna jaa au choo jirani. Potasiamu kidogo haikipi kisima cheti, kwani udongo wa mfinyanzi huishika njiani. Kuchemsha hakusaidii: nitreti, ambayo amonia hugeuka kuwa udongoni, inazidi kukolea.

Na wapo wasemao: “Tutatia klorini kuimaliza amonia.” Kwa kilo 1 ya nitrojeni ya amonia unahitaji kilo 7.6 za klorini kwa uchache, yaani kama kilo 12 za unga wa klorini wa asilimia 65 kwa kila mita ya ujazo, kabla uchafu mwingine haujadai fungu lake.