Meridiani na tiba ya moksa: joto linapimika, njia hazijaonekana

Meridiani, katika tiba ya jadi ya Kichina, ni njia zinazoaminika kupitisha qi, yaani nguvu ya uhai, kati ya viungo vya ndani na ngozi. Zilizo kuu ni 12, nyingi zikiitwa kwa jina la kiungo: mapafu, tumbo, kibofu na kadhalika. Kwenye ramani yake kuna vituo 361 ambavyo mganga huvichoma sindano au kuvipasha moto. Huko kupasha moto ndiko moksa.

Wengi hudhani sindano ilitangulia na moksa ni nyongeza tu. Kaburi la Mawangdui, mjini Changsha, linasema vingine. Lilifungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, likafukuliwa 1973, na hati zilizokutwa humo zinataja njia 11, si 12. Tiba inayoelekezwa kwa njia hizo ni moto, sindano haimo. Ramani hii basi ilichorwa kidogo kidogo, haikushuka ikiwa kamili.

Kinachochomwa ni majani ya Artemisia argyi, mmea wa jamii moja na pakanga. Hukaushwa, hupondwa na kupepetwa hadi zibaki nyuzi laini mfano wa pamba. Wajuzi hupendelea zilizohifadhiwa miaka 3, kwa kuwa huungua polepole na joto lake si kali. Nyuzi hizo husokotwa ndani ya karatasi kuwa fimbo ya takribani sentimita 20.

Chukua kituo cha Zusanli. Mgonjwa akunje goti, nawe utafute kishimo kilicho chini ya pia ya goti, upande wa nje. Toka hapo ushuke upana wa vidole 4, na viwe vya mgonjwa, si vyako. Kisha sogea nje upana wa kidole kimoja kutoka ukingo wa mfupa wa muundi. Shika fimbo inayowaka sentimita 2 hadi 3 juu ya ngozi kwa dakika 10 hadi 15, mpaka ngozi iwe nyekundu bila kuuma. Kung'uta jivu mara kwa mara: likijaa, joto hufifia, mkono nao hujikuta umesogeza fimbo karibu, likidondoka, hudondoka na kaa la moto.

Hapo ndipo watu huungua. Ngozi huvumilia nyuzi 44 za Selsiasi kwa saa kadhaa, lakini kwa nyuzi 60 sekunde chache zinatosha. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni hatalalamika, na lengelenge lake laweza kuwa donda ndugu. Huyo asipashwe miguuni kabisa. Moshi nao si wa kupuuzwa. Fungua madirisha, na mwenye pumu akae mbali.

Joto lenyewe halina fumbo kubwa. Mishipa ya fahamu ina kipokezi kiitwacho TRPV1, ambacho hufunguka joto likifika karibu nyuzi 43. David Julius alitunukiwa Nobeli ya mwaka 2021 kwa kazi iliyokigundua. Ngozi ikipata joto, mishipa ya damu hutanuka. Yote hayo hayahitaji meridiani.

Meridiani zenyewe zimetafutwa sana. Miaka ya 1960, Kim Bong-han wa Korea Kaskazini alitangaza kuona mirija yake; anatomia haijaikubali. Nchini Ufaransa, miaka ya 1980, teknesiamu, kemikali yenye mnururisho unaonaswa na kamera, ilidungwa kwenye vituo na mistari ikaonekana, ila wengine waliporudia walikuta inafuata vena. Dokezo lenye uzito zaidi, kwa maoni yetu, ni la mtafiti Helene Langevin: mwaka 2002 alionyesha kwamba mkononi, asilimia 80 ya vituo hukaa penye mpaka wa tishu unganishi, yaani utando unaoshikanisha misuli. Ila mipaka hiyo imejaa mwili mzima.

Jaribio linalotajwa sana ni la China, 1998: wajawazito 260 ambao watoto wao walitanguliza makalio. Waliopashwa Zhiyin, pembeni mwa ukucha wa kidole kidogo cha mguu, asilimia 75 watoto waligeuka. Wasiopashwa, asilimia 48. Jaribio la Italia la 2005 halikuona tofauti, tena lilikatizwa mapema kwa kuwa wanawake wengi hawakuivumilia tiba. Na hata lile la China halikuwa na kundi lililopashwa kidole kingine kwa moshi uleule, hivyo haliwezi kusema kama kazi ilifanywa na kituo au na joto tu.