Je, wajua kwa nini rais wa Marekani alikataa farasi wa Seyyid Said?

Tarehe 30 Aprili 1840 watu wa New York waliona kitu ambacho hawajawahi kukiona, merikebu ya Waarabu imetia nanga bandarini kwao. Inaitwa Sultana, mali ya Seyyid Said bin Sultan, yule yule wa Maskati na Zanzibar tuliyekaririshwa shuleni kwamba ndiye aliyeshupalia karafuu. Ndani kuna tende, kahawa, karafuu, pembe za ndovu, ngozi na mazulia, mkuu wa msafara ni Ahmad bin Na'aman na kilemba chake, na watu wanajazana gatini kushangaa tu.

Sasa mbali na ile shehena ya kuuza, kulikuwa na zawadi za rais Martin Van Buren. Farasi wawili wa Kiarabu, lulu, mashali ya Kashmiri, marashi ya waridi, zulia la Kiajemi, upanga, yaani vitu vya kifalme kweli. Huku pwani mgeni akija na kitu mkononi ukamrudishia umemtukana yeye na waliomtuma. Lakini Van Buren akasema hapana, sheria ya nchi yangu hainiruhusu.

Na kweli haikumruhusu. Katiba ya Marekani ina kifungu kinachosema mtu mwenye cheo serikalini asipokee zawadi, malipo, cheo wala lakabu kutoka kwa mfalme au dola yoyote ya nje mpaka Bunge likubali. Walioiandika mwaka 1787 walikuwa na nchi changa, haina hela, na wafalme wa Ulaya walikuwa na desturi ya kuwalainisha mabalozi kwa almasi. Benjamin Franklin alipomaliza kazi yake Paris, mfalme wa Ufaransa alimuaga na kikopo cha ugoro chenye picha ya mfalme imezungushiwa almasi, ikabidi Congress, yaani Bunge lao, iulizwe kwanza kama mzee anaweza kubaki nacho. Hofu yao haikuwa kwamba Franklin ameshauza nchi. Hofu ilikuwa siku Ufaransa ikitaka jambo, nani atajua kama anayejibu ni balozi wa Marekani au ni mzee mwenye kikopo?

Kwa hiyo farasi wa Seyyid Said ikawa ishu ya Bunge. Congress ikakaa, ikapitisha azimio kwamba zawadi zipokelewe kwa niaba ya nchi, farasi wakanadiwa, hela ikaingia hazina. Ili Sultani asijisikie vibaya, jeshi lao la majini likaikarabati Sultana bila kumtoza hata senti. Karibu na wakati huohuo konseli wao (mwakilishi wa Marekani) wa Tangier, Morocco, alikuwa na kasheshe kubwa zaidi, sultani wa Morocco kamletea simba wawili, dume na jike, konseli anakataa na mjumbe anamwambia usipowachukua nawafungulia hapahapa mtaani, basi akawafungia simba kwenye chumba cha ofisi akaandika barua kwao kuomba ushauri. Hiyo ni diplomasia ya mwaka 1839 bwana.

Lakini hebu tugeuze kibao tumwangalie mwenye farasi, maana kwa Seyyid Said mambo yalikuwa tofauti kabisa. Yeye hakuwa na mpaka kati ya mfuko wake na mfuko wa dola. Alikuwa mtawala na wakati huohuo mfanyabiashara mkubwa, ana merikebu zake, ana mashamba yake ya karafuu, ana ushuru wa forodha anaoukodisha kwa tajiri wa Kihindi, Jairam Shivji. Ukikaa naye kuzungumza mkataba hujui unaongea na sultani au na mwenye shamba.

Na ukisoma mikataba yake hilo unaliona kwa macho. Mwaka 1839 alisaini na Waingereza mkataba wa biashara huria, wafanyabiashara wao waingie, wauze, wanunue, ila kuna kipande cha pwani, kama kutoka Mtang'ata kushuka mpaka Kilwa, ambako pembe za ndovu na sandarusi (utomvu wa kutengenezea vanishi) hawaruhusiwi kugusa. Kwa nini hapo na kwa nini vitu hivyo viwili? Kwa sababu ndimo hela yake ilimokuwa inapita.

Mfano mzito zaidi ni mkataba wa 1845. Uingereza inamkaba aache biashara ya watumwa, naye anawahitaji Waingereza kwa ulinzi, hawezi kukataa moja kwa moja. Mwisho akakubali kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwenda Uarabuni na Asia. Lakini kuwasafirisha ndani ya himaya yake ya Afrika, kati ya Kilwa na Lamu, pamoja na Unguja na Pemba, ruksa. Sasa ramani ya karafuu iko wapi? Ni Unguja na Pemba. Yaani mlango uliobaki wazi ni ule uliokuwa unapeleka watu kwenye mashamba, yakiwemo ya Sultani mwenyewe. Waliolipia mlango huo ni wale waliotolewa bara wakafika kisiwani kupanda na kuchuma karafuu, na ilichukua mpaka 1873, enzi za mwanawe Barghash, ndipo soko la watumwa la Zanzibar likafungwa na biashara hiyo kwa njia ya bahari ikapigwa marufuku. Siwezi kusema biashara yake ilikuwa sababu pekee, uchumi mzima wa pwani ulikuwa umeegemea hapo, lakini mwenye dola ndiye mwenye shamba, unategemea atajinyima mwenyewe?

Na Wamarekani nao wasijifanye watakatifu. Rais wao alikataa farasi, sawa, ila konseli wao wa kwanza Zanzibar, Richard Waters wa Salem aliyefika 1837, alikuwa mfanyabiashara. Asubuhi anawakilisha Marekani, mchana anauza merikani (ndiyo, lile shuka, jina lake limetoka huko huko) na kununua pembe, tena kwa kupatana na Jairam ambaye ndiye mshika forodha. Wafanyabiashara wengine wakalalamika kwamba hawa wawili wamejifungia soko, na sasa wewe mlalamikaji utaenda kushtaki kwa nani? Kwa konseli?

Turuke miaka. Ukitoka Maskati, mji mkuu wa Oman, ukafuata pwani unafika Yiti, milima inashukia baharini, ndiko kuna mradi unaoitwa Aida unaotajwa kuwa wa dola bilioni 4. Mahoteli, majumba ya kifahari, uwanja wa gofu. Ardhi ni ya serikali ya Oman na mbia mmoja ni Omran, kampuni ya serikali ya utalii. Mwingine ni kampuni ya Saudia ya Dar Al Arkan. Na jina litakalobandikwa kwenye hoteli na gofu ni Trump. Dili lilisainiwa Novemba 2022, wakati huo Donald Trump si rais, kwa hiyo kile kifungu cha farasi hakikumhusu. Ila Januari 2025 akarudi Ikulu na dili likarudi naye.

Aprili 12, 2025 Marekani na Iran zikaanza mazungumzo ya nyuklia, wapi? Maskati. Anayepeleka ujumbe chumba hiki na kile ni waziri wa mambo ya nje wa Oman, Badr Albusaidi, ukoo uleule wa Seyyid Said. Hapa kuwa makini usirukie. Oman imekuwa msuluhishi wa mambo haya tangu zamani, hata enzi za Obama Wamarekani na Wairan walikutana kwa siri hukohuko kabla ya mkataba wa nyuklia wa 2015, wala hakuna aliyeonyesha kwamba Maskati ilichaguliwa kwa ajili ya gofu. Lakini ujiweke kwenye kiti cha Mwirani. Anayekuletea ujumbe ni serikali yenye ubia na familia ya unayezozana naye. Utauliza, angalau moyoni. Na Mmarekani wa kawaida akisikia rais wake anaisifu Oman naye atauliza. Ndiyo ugumu wenyewe huo, si lazima rushwa iwepo. Kila neno la rais linakuwa na maana mbili, na mpokeaji ndiye anachagua ya kuamini.

Trump mwenyewe aliwahi kulisema bila kuzunguka. Desemba 2015, bado mgombea, akiulizwa kuhusu Uturuki alijibu kwamba ana mgongano kidogo wa maslahi kwa sababu ana jengo kubwa Istanbul. Siku hizi msimamo wa Ikulu ni kwamba mali ziko chini ya amana, wanaoendesha ni wanawe, mgongano hakuna.

Kuna aina nyingine ya mgongano ambayo kwangu ni mbaya kuliko ya Oman, ni biashara ambayo upande wa pili unaijua na wananchi wako hawaijui. Mwaka 2016 Trump kwenye kampeni anasema hana biashara Urusi, kumbe mwanasheria wake Michael Cohen anahangaikia jengo la Trump Tower Moscow mpaka Juni, na alishaandika hadi ofisi ya msemaji wa Kremlin, Ikulu ya Urusi, kuomba msaada. Cohen baadaye alikiri mahakamani kwamba alilidanganya Bunge kuhusu hilo. Angalia sasa, hata kama jengo halikujengwa, na halikujengwa, Moscow ilikuwa imeshika kitu ambacho mpiga kura wa Ohio hana, na mtu akishika siri yako hahitaji hata kukutisha.

Wanasheria walijaribu kuyabana mambo haya mahakamani. Trump alipoingia mara ya kwanza alikuwa na hoteli Washington, hatua chache kutoka Ikulu, na wageni wa serikali za nje wakawa wanalala pale. Wademokrati wa kamati moja ya Bunge walitoa ripoti Januari 2024 wakihesabu angalau dola milioni 7.8 kutoka nchi 20 zilizoingia kwenye biashara zake akiwa rais, China ikiongoza. Familia ilijitetea kwamba faida ya wageni wa serikali ilikuwa inapelekwa hazina kila mwaka. Kesi zilifunguliwa kwa kutumia kifungu kilekile cha Van Buren, zikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na Januari 2021 mahakama ikazifuta kwa sababu mhusika ameshatoka madarakani. Maana ya kifungu Mahakama ya Juu haikuiamua.

(Wazee wetu watakumbuka Azimio la Arusha la 1967 lilivyowakataza viongozi hisa kwenye makampuni, nyumba za kupangisha na mishahara miwili. Likaja kulegezwa Zanzibar 1991. Hiyo tutaiongea siku nyingine, ni ndefu.)

Mei 2025 Qatar ikajitokeza na zawadi, ndege aina ya Boeing 747-8 inayokadiriwa dola milioni 400, itumike kumbeba rais. Wizara ya ulinzi ikaipokea, wanasheria wa serikali wakasema haina tatizo kwa kuwa inapewa jeshi na si mtu, na Trump akasema akimaliza muda wake itakwenda kwenye maktaba yake ya urais. Farasi wawili wa Seyyid Said walipigiwa kura na Bunge zima. Ndege ilipokelewa bila kura.