Mto unapochimba chini ya nguzo ya daraja

Simama ufukweni Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, maji yakufike kwenye vifundo vya miguu. Wimbi likirudi ziwani utahisi mchanga unazolewa chini ya visigino, na ukikaa kidogo unaanza kuyumba. Nguzo ya daraja mtoni hufanyiwa hivyohivyo mwaka hadi mwaka.

Wananchi wengi huuliza kama Daraja la Kikwete pale Malagarasi, lenye urefu wa mita 275, linahimili malori mazito. Uzito wa lori tunaukokotoa mapema. Tunachokihofia sisi wahandisi ni maji. Mkondo ukigonga nguzo, sehemu yake huzama hadi chini, hujizungusha kwenye kitako cha nguzo na kuchimba. Kasi ikiongezeka mara mbili, uzito wa jiwe ambalo mto unaweza kulisukuma huongezeka mara 64. Mafunjo na magogo yakinasa kwenye nguzo, njia ya maji hubanwa, basi mto huzidi kuchimba.

Mafuriko yakipungua, shimo lile hujaa tope na mchanga. Mkaguzi akija kiangazi anakuta pametulia, kumbe ni mchanga mlegevu usioshika kitu. Kwa hiyo vipimo vya maana ni vya wakati mto umefura: unasimama kwenye ukingo wa daraja, unashusha bildi, yaani kamba yenye kizito cha kupimia kina, hadi iguse chini, unasoma kamba, kisha unahamia nguzo inayofuata. Na ndiyo sababu misingi huchimbiwa kupita kina ambacho mto unaweza kukichimba.

Tarehe 4 Machi 2001, nchini Ureno, nguzo ya Daraja la Hintze Ribeiro katika Mto Douro iliporomoka usiku. Basi na magari matatu yakatumbukia, watu 59 wakafa. Uchimbaji wa mchanga wa miaka mingi ulikuwa umeishusha sakafu ya mto.

Ndugu zangu mnaopakia mchanga mtoni, najua ndio unaosomesha watoto. Lakini msidhani kuchimba upande ambao maji yameshapita daraja ni salama. Ukingo wa shimo hilo humomonyoka kuelekea mto unakotoka, msimu kwa msimu, mpaka ufike kwenye nguzo. Mkiona kingo za daraja zimepinda, au ufa umetanuka pale barabara inapokutana na daraja, zuieni magari kwanza, kisha mpigieni mwenyekiti wa kijiji na TANROADS au TARURA, wakala za serikali zinazosimamia barabara, hata kama ni usiku wa manane.