Hadhira kuchanganyika: maana yake kwa anayejaribu mtandao mpya

Hadhira kuchanganyika ni hali ya watu uliozoea kuzungumza nao mahali mbalimbali, kila kundi kwa lugha yake, kujikuta wote pamoja wakisikia neno lako lile lile kwa wakati mmoja. Mkubwa wako wa kazi, ami yako, mteja, rafiki uliyesoma naye madrasa: wote wanasoma sentensi moja, na kila mmoja anadhani ameandikiwa yeye. Watafiti wana jina lao, mporomoko wa muktadha. Mimi naona kuchanganyika kunasema zaidi, maana hapo hapajaporomoka kitu. Ni watu waliochanganyika.

Nyumba ya Kiswahili, kama zile zilizobaki Majengo hapa Mombasa, ilijengwa kwa kulijua jambo hili. Mbele kuna baraza. Hapo anakaa yeyote: jirani, mpita njia, muuza kahawa chungu na dele lake. Ukipiga hodi ukakaribishwa, unaingia ukumbini. Vyumba viko kando, na nyuma kabisa kuna uani, ambako wanawake wanapika na kuzungumza yasiyofika barazani. Hakuna anayeambiwa la kusema, pahali panamwambia. Bei ya mafuta inajadiliwa nje, posa ya binti inajadiliwa ndani. Na mtu ni yule yule. Ami yangu anayebishana siasa barazani jioni ndiye atakayeitwa ndani baada ya isha atoe shauri la mahari. Kilichobadilika ni mahali, na maneno yakafuata.

Mtandao wa kijamii umeziondoa kuta hizo zote, ukabaki ukumbi mmoja mkubwa.

Jambo lenyewe ni la kale kuliko simu za mkononi. Miaka ya 1960 huko Marekani alikuwako Stokely Carmichael, mpigania haki za weusi, ambaye baadaye alimwoa Miriam Makeba, akahamia Guinea na kujiita Kwame Ture. Akiwahutubia weusi wenzake alizungumza kwa mwako wa mhubiri. Akiwahutubia wazungu alizungumza kwa utulivu wa msomi. Maadamu kumbi zilikuwa mbili, hapakuwa na tabu. Redio na televisheni zilipomweka mbele ya wote pamoja, ilimlazimu kushika sauti moja, akashika ile ya watu wake, na wasikilizaji wengi weupe wakamkimbia. Mtafiti danah boyd, ambaye huandika jina lake kwa herufi ndogo, amekitumia kisa hiki kueleza yanayowakuta vijana mitandaoni. Tofauti ni kwamba Carmichael aliiona kamera. Sisi tunaandika peke yetu, kitandani, simu mkononi, na hadhira yote imefichika nyuma ya kioo.

Wako wanaosema dawa ni kuwa mtu mmoja kila mahali. Mark Zuckerberg wa Facebook aliwahi kusema kwamba kuwa na sura mbili ni upungufu wa uadilifu. Hapa nampinga kwa moyo wote. Mtoto wa pwani hajafika miaka mitano ashajua kwamba mzee anapewa shikamoo na rafiki anapewa mambo. Akiyageuza anakanywa. Huo si unafiki, ni adabu: kumjua unayesema naye na kumpa haki yake. Anayetutaka tuseme na wote kwa sauti moja anatutaka tuache jambo la kwanza tulilofunzwa.

Sasa, hadhira inachanganyikaje hasa? Watu wengi hudhani ni kwa uzembe wao, kwamba wamekubali maombi ya urafiki ovyo ovyo. Mara nyingi sivyo. Chanzo ni namba ya simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, namba ya Mkenya imekuwa mkoba wake. Unampa mwenye duka, mtu wa bodaboda, fundi wa friji, mama wa mahamri, mwalimu wa mtoto. Hiyo hiyo unaiandika kwenye kadi ya biashara. Kila mmoja wao ameihifadhi. Ukijiunga na mtandao mpya, swali la kwanza unaloulizwa ni kama unaruhusu programu isome majina yaliyo kwenye simu yako. Ukibonyeza ndiyo, orodha nzima inapakiwa, na kuanzia hapo mtandao unawajua wote pamoja bila kujua nani ni nani. Kwake fundi wa friji na mama mkwe ni namba mbili tu. Hata ukikataa wewe, wao wakikubali, namba yako inafika kupitia simu zao.

Mitandao mingine huhamisha hadhira nzima nzima. Threads ilipozinduliwa Julai 2023 uliingia kwa akaunti ya Instagram, ukiwa na nafasi ya kuwafuata kwa mkupuo wote uliokuwa ukiwafuata kule. Ni wepesi mkubwa, lakini unahama nyumba na wapangaji wote wa ile ya zamani. Facebook yenyewe ilianza 2004 kama mahali pa wanafunzi wa Harvard peke yao. Ilipofunguliwa kwa kila mtu Septemba 2006, yaliyokuwa ya wanafunzi kwa wanafunzi yakawa na wazazi na waajiri ndani yake.

Mimi ni wakala wa forodha, natoa mizigo ya watu bandarini Kilindini. Nilijiunga na mtandao mmoja mpya kwa sababu mbili: kutafuta wateja, na kuwa karibu na ndugu walio Oman na Uingereza. Nikadhani akaunti moja inatosha. Kwa miezi kadhaa ilitosha kweli. Asubuhi niliweka tangazo la meli zilizofika, jioni picha ya watoto ufukweni Mama Ngina wakila mihogo.

Kisha nyanya yangu akafariki. Usiku ule niliandika mistari michache, kwa lugha ya nyumbani kabisa, kuhusu mikono yake na harufu ya asumini kwenye leso yake. Niliwaandikia ndugu wa ng'ambo ambao hawangewahi maziko. Chini yake zikaanza kuja: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, Mola amrehemu, pole mwanangu. Na katikati yake mteja mmoja akaandika: "Pole sana. Mzigo wangu umetoka?" Binamu yangu wa Muscat akamjibu kwa maneno makali. Mteja akaudhika. Mimi niko kwenye gari naelekea makaburini, simu inatetemeka mfukoni.

Nilimkasirikia siku nzima. Baadaye nikaona hakukosea kwa kiasi nilichodhani. Alikuwa pale pale alipozoea kuniuliza habari za mzigo kila siku, siku za kulipia gharama za bandari zinahesabika, na hakuna mlango aliovuka wa kumwonyesha kwamba sasa yumo ndani kwa watu. Mimi ndiye niliyeleta msiba mahali pa kazi bila kujua, au kazi mahali pa msiba. Vyote vilikuwa pale.

Kampuni zimejaribu kuzirudisha kuta. Jaribio kubwa lilikuwa la Google, Juni 2011, na mtandao wake wa Google+. Ulimtia kila mtu unayemjua ndani ya duara: hili la familia, hili la kazi, hili la marafiki, na kila ulichoandika ulichagua duara la kukisoma. Nililipenda wazo hilo. Lakini watu hawakukaa. Mwaka 2018 Google wenyewe walisema tisa kati ya kila ziara kumi zilikuwa chini ya sekunde tano, na Aprili 2019 ukafungwa kwa watumiaji wa kawaida. Sababu za kufa kwake ni nyingi, lakini moja naiona kwa macho yangu hapa Mombasa: duara linapanga watu, na watu hawapangiki. Anayeniuzia rangi ni jirani, ni shemeji wa ndugu yangu, na tunaswali safu moja Ijumaa. Nimtie duara gani? Baraza na ukumbi havikumpanga mtu, vilipanga mazungumzo, naye akapita kutoka hapa kwenda pale.

Kwa hiyo ukijaribu mtandao mpya, usitazame kwanza kama ni mzuri au wenzako wamo. Tazama kama una vyumba. Mastodon, ulioanza 2016, unakuuliza kila unapoandika: hili ni la wote, la wanaokufuata, au la uliowataja tu? Instagram ina orodha ya marafiki wa karibu. WhatsApp inakuwezesha kuchagua nani aone hali yako, na tangu 2018 iko WhatsApp Business, programu ya pembeni kwa biashara. Wengi wetu bandarini tumeishia hapo: laini mbili, moja ya kazi, moja ya nyumbani. Ni gharama na ni uzito mfukoni, ila laini ya pili ni mlango. Anayepiga ile ya kazi anajua yuko barazani kwangu, na mimi nikiizima saa kumi na mbili jioni nimefunga ofisi. Na ombi la kusoma majina ya kwenye simu nalikataa siku ya kwanza, kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu ukisharuhusu, kuwatoa watu ni kazi ngumu kuliko kuwaingiza.

Siku ya tatu ya matanga, wakati wa hitima, yule mteja alikuja. Alivua viatu, akaamkua wazee mmoja mmoja, akakaa jamvini karibu na binamu yangu aliyekuwa amewasili usiku kutoka Muscat, bila wao kujuana. Akapewa juzuu, akasoma mpaka mwisho, akanywa kahawa, akanishika mkono kwa mikono miwili. Mzigo hakuutaja. Aliuuliza Jumatatu, saa mbili na nusu, akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi.