Kuvundika kahawa ya kihamba: ndoo za leo zisikutane na za jana

Kahawa ya Kilimanjaro ilipandwa Kilema na wamisionari Wakatoliki mwaka 1898, na hadi leo sehemu kubwa yake hutoka vihambani: kashamba ka familia, mara nyingi kasikofika hekta moja, mibuni ikiwa chini ya migomba, na migomba chini ya miti mirefu ya kivuli. Udongo wa volkano, mwinuko na mvua za masika na vuli ndivyo vinavyoipa kahawa ya Marangu, Kibosho, Machame na Rombo uchachu wake mtamu. Hilo mlima umeshalifanya. Lakini kahawa ya daraja maalumu, ile inayopata alama 80 na kuendelea kwa waonjaji, hushinda au hushindwa katika siku chache zinazofuata kuchuma, na kazi ya siku hizo iko mikononi mwa familia yenyewe.

Tawi moja la mbuni huwa na matunda mekundu, ya njano na ya kijani kwa pamoja, kwa kuwa maua hayakuchanua siku moja. Kwa hiyo rudi kwenye mti uleule kila baada ya siku 10 hadi 14, uchume mekundu tu. Tunda bichi huleta ukakasi kikombeni, na mashine hushindwa kulimenya. Ukishachuma, mimina kwenye ndoo ya maji. Yanayoelea yana punje tupu, au yametobolewa na mdudu ruhuka, au yamepigwa na ugonjwa wa chulebuni. Yaenguliwe, yakaushwe kando kama mbuni, yaani bila kumenywa.

Menya siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa 8. Matunda yakilala kwenye gunia hupata joto na kuanza kuchacha yakiwa na maganda yake, na harufu hiyo haitoki tena. Kabla ya kumenya mzigo wote, pitisha matunda machache uangalie punje. Zikitoka zimekwaruzwa au kupasuka, nafasi kati ya ngoma ya mashine na bao linaloikabili ni finyu mno; yakipita matunda mazima, ni pana mno. Usiidharau punje iliyopasuka: ute huingia ndani, inaoza, na punje chache za namna hiyo zinatosha kunukisha kikombe kizima.

Sasa kuvundika, na hapa nakuomba utulie. Ute unaoizunguka punje hauoshwi kwa maji tu. Lazima vijidudu viuvunje kwanza, kahawa iliyomenywa ikikaa kwenye ndoo au tangi. Kwenye vihamba vya chini, kwenye joto, siku moja na ushei inaweza kutosha. Juu karibu na msitu, kwenye baridi ya Julai na Agosti, huweza kufika siku mbili au kupita. Ndiyo maana simshauri mtu kufuata saa ya jirani. Chomeka kijiti katikati ya kahawa hadi chini, kisha ukichomoe. Tundu likijifunga, ute bado. Likibaki wazi, umekaribia. Halafu chota kiganja kimoja, suuza, sugua kwa viganja viwili. Ikiteleza kama bamia, irudishe. Ikikwaruza na kulia kama kokoto, osha sasa hivi, hata kama ni usiku. Ukiiacha ikapitiliza, inageuka siki, kisha inanuka.

Tatizo la kihamba ni uchache wa mavuno. Leo ndoo tatu, kesho mbili, na tangi ni moja, basi mtu anamwagia ya leo juu ya ile ya jana. Usifanye hivyo. Ya jana itapitiliza wakati ya leo bado inateleza, na hakuna saa moja itakayozifaa zote mbili. Bora ndoo za plastiki zenye vifuniko, kila siku na ndoo yake, yenye tarehe. Na ukimaliza, sugua kona za ndoo: punje moja iliyobaki tangu juzi huharibu mzigo mpya.

Osha kwa maji safi mara mbili au tatu hadi maji yatoke bila utelezi. Maji machafu yaende kwenye shimo, kamwe yasirudi mferejini, kwa kuwa yana asidi na walio chini yako wanayategemea.

Kaushia kwenye kichanja cha wavu, tabaka la sentimita 2 hadi 3, na geuza mara kwa mara. Jua kali la mchana siku za mwanzo hupasua ganda jembamba linalobaki kwenye punje, kwa hiyo funika saa za mchana mkali, kisha funika tena usiku na mvua inapotishia. Kahawa iliyokauka nusu kisha ikaloa huota ukungu. Kwa kawaida huchukua wiki mbili hivi, lakini mizani ni hakimu bora kuliko kuing'ata punje kwa meno. Weka kilo 1 ya kahawa iliyooshwa na kuchuja maji kwenye kiwavu chenye alama, ikauke pamoja na nyingine. Ikishuka karibu na nusu kilo na kukaa hapo siku mbili, unyevu umefika kwenye asilimia 10 hadi 12 na iko tayari.

Ihifadhi na ganda lake, kwenye magunia ya katani juu ya mbao, mbali na ukuta, mafuta ya taa, mbolea na vitunguu. Kahawa hunyonya harufu ya jirani yake.