Majigambo Hayana Maana ya Majivuno

Mada ya majigambo inapofikiwa katika somo la Kiswahili sekondari, wanafunzi wengi huwa wameshaihukumu, kwa sababu mtoto aliyelelewa Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, ameonywa tangu utotoni asijisifu mbele za watu. Onyo hilo ni la malezi mema, lakini linahusu tabia, ilhali majigambo ni utanzu wa fasihi simulizi wenye kanuni zake.

Katika majigambo, shujaa mwenyewe ndiye mtunzi na ndiye mtendaji. Hutumia nafsi ya kwanza, hujipa majina ya sifa, hutia chuku (kulikuza jambo kupita kiasi) na takriri (kurudiarudia maneno), na mara nyingi hushika silaha au zana ya kazi yake. Hapo ndipo yanapotofautiana na sifo, ambazo humtukuza mtu kwa kinywa cha mwingine. Utanzu huu umekita mizizi kwa Wahaya wa Kagera, wanaouita ebyebugo, na majigambo huitwa pia vivugo.

Jambo ambalo, kwa maoni yangu, halisisitizwi vya kutosha darasani ni hadhira. Shujaa anayejigamba mbele ya wenzake waliopigana naye bega kwa bega anajua kwamba kila atakachotamka kitapimwa na walioshuhudia. Anaruhusiwa kulikuza tendo, lakini si kulibuni. Mwenye majivuno huwatafuta wasiomjua. Tazama mistari hii, niliyoitunga kwa ajili ya mfano:

Ndimi Jembe-Halilali, ndimi wa Bahi!
Mvua ilipotukimbia, uwele wangu ulisimama,
Kweleakwelea wakaja, wakaniona, wakageuza njia.
Waulizeni majirani, ndio waliokuja kukopa!

Ndege kugeuza njia ni chuku, na kila msikilizaji anaifurahia akijua hivyo. Mstari wa mwisho ndio wenye uzito, maana msemaji anawaita mashahidi waliosimama papo hapo, na wakikaa kimya ameumbuka.

Kwa hiyo ninawasihi walimu wasiishie kwenye fasili inayokaririwa kwa ajili ya mtihani. Mwanafunzi asimame, ashike fimbo au jembe, ajigambe kwa jambo alilolitenda kweli, hata kama ni kuchunga ng'ombe wakati wa kiangazi bila kupoteza hata mmoja, na wenzake wanaomfahamu wapewe nafasi ya kumhoji kabla mwalimu hajatoa alama.