IELTS ya kusomea udaktari: usiangalie jumla peke yake

Mwenye diplome ya Leta (cheti cha kumaliza sekondari Kongo) kutoka Lubumbashi, aliyesoma sekondari yote kwa Kifaransa, akiomba nafasi ya udaktari Uingereza kwa kawaida ataombwa IELTS Academic, mtihani wa Kiingereza kwa wanaokwenda kusoma chuo. General Training ni mtihani mwingine, usilipie huo. OET, mtihani wa Kiingereza cha kazi za afya, waachie waliokwisha kuwa madaktari au wauguzi.

Vyuo vingi vya udaktari kule hutaka jumla (yaani wastani wa sehemu nne) ya 7.0 au 7.5, kisha vinaongeza sharti ambalo watu hulipita haraka: kiwango cha chini kwa kila sehemu. Hapo ndipo watu wanakwama. Chukua aliyepata kusikiliza 8.0, kusoma 8.0, kuzungumza 7.0 na kuandika 6.0. Ukijumlisha ni 29; gawanya kwa 4 upate 7.25, nayo hupandishwa kuwa 7.5. Matokeo yanapendeza, lakini chuo kinachodai 7.0 kila sehemu kitamkataa kwa ile 6.0.

Kwetu tuliofundishwa kwa Kifaransa, kuandika ndiko huangusha zaidi, na shida si msamiati tu. Una dakika 60 kwa kazi mbili: kueleza grafu au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150, na insha ya maneno yasiyopungua 250. Insha ina uzito mara mbili, kwa hiyo ipe dakika 40. Mwanafunzi wetu huja na mpango wa dissertation: thèse, antithèse, synthèse. Anafungua kwa utangulizi mrefu, anatetea upande huu, anatetea ule, na msimamo wake unajitokeza mwishoni, muda umekwisha. Swali linalouliza unakubali kwa kiasi gani linataka jibu tangu aya ya kwanza, halafu kila aya ilijenge jibu hilo. Ukiishia maneno 210, unaweza kupoteza alama hata kama Kiingereza chako ni safi. Kwenye sarufi, chunga ile s ya wingi tunayoibandika kwa mazoea kwenye information, equipment na research.

Sehemu moja ikianguka, katika vituo vinavyotoa One Skill Retake unaweza kurudia hiyo tu, ndani ya siku 60 tangu mtihani. Kabla ya kulipa, waandikie chuo uwaulize kama wanaikubali, maana vingine vinataka alama zote za kikao kimoja.

Matokeo hutambuliwa kwa miaka 2. Ukifanya mapema mno yatakwisha muda chuo hakijakupokea. Diploma za lugha ya Kifaransa, DELF na DALF, kinyume chake, hazina mwisho. TCF, mtihani mwingine wa Kifaransa, ina miaka 2 vilevile.

Halafu majina. Nom, postnom na prénom (majina matatu ya Mkongo) ziandikwe kwenye usajili kama zilivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule, na pasipoti hiyohiyo uje nayo siku ya mtihani. Kama diplome imeacha postnom au imekosea herufi, anza kuirekebisha kabla hujajisajili.